Mtu wa Upande Wangu

Nilimwambia mchumba wangu kwamba siolewi mpaka apatikane mtu wa kukaa upande wangu. Alidhani natania, maana tulikwisha kodi chumba cha mikutano cha wapangaji pale Alby, nje ya Stockholm, na shehe alikwisha pokea barua ya kaka yangu kutoka Unguja ya kutoa idhini. Kisheria hakukuwa na upungufu. Lakini yeye alikuwa na watu kumi na mmoja, Watanga watupu waliokuja Sweden kusomea ufundi, na mimi sikuwa na hata mmoja.

Katika nyumba yetu, watu wa bwana harusi hupiga hodi mara tatu. Hodi ya kwanza huulizwa ni nani. Ya pili huulizwa wanataka nini, kisha huambiwa bado. Ya tatu ndiyo hufunguliwa. Bibi yangu alipoolewa, waliwekwa nje mpaka wakaanza kuimba nyimbo za kuomba radhi. Sasa mimi nani angeniitikia hodi? Niiitikie mwenyewe, kama mtu mwenye haraka zake?

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, majira yale ya baridi ambapo treni ya chini ya ardhi ilianza kufika kwetu Alby. Sikuwa mnyonge wa baridi. Nilikuwa nauguza wazee kule mjini, na Desemba yao niliipenda kweli: nyota za karatasi madirishani, wasichana wa sikukuu ya Lucia na mishumaa kichwani, vikombe vya kahawa visivyokwisha. Wazee wangu walinifundisha kuvaa soksi mbili na kutokulaumu hali ya hewa. Kilichonikera ni huo upande mtupu wa chumba.

Jirani yangu wa ghorofa moja, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ndiye aliyeleta habari. Mumewe alikuwa akisoma Kiswidi jioni, na darasani kwao alikuwamo mtu mmoja anayetoka kisiwani.

"Kwabo banasema Kifaransa," akaniambia. "Na bado ni ya Bafaransa, hawajapata uhuru."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Babu yangu alikuwa Mngazija, na kwa akili zangu kisiwa cha Wafaransa kilikuwa Ngazija na wenzake, basi. Nikauliza zaidi. Nikaambiwa mtu huyo ni fundi wa mitambo ya meli, anakumbuka samaki wa kwao, na tena analalamika kwamba kiangazi cha Stockholm kina joto mno. Hilo la mwisho lilipaswa kunistua, lakini mtu akitaka ndugu hasikii vizuri. Nikatuma salamu kwamba Jumamosi aje kula. Nikatangaza kwa Watanga wote kwamba nimepata ndugu, wajiandae kukaa nje. Nikapika pilau, nikatia wanga kofia ya marehemu baba ili nimvike.

Jumamosi mlango ukagongwa. Nikafungua kwa vigelegele. Mbele yangu alisimama mzungu mwenye ndevu nyekundu na sweta nene, akiwa ameshika kopo la samaki kwa mikono miwili.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikamvuta jirani yangu jikoni nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwa utulivu kwamba sikumuuliza rangi yake, niliuliza kisiwa, na kisiwa anacho. Mgeni ni mgeni, nikapakua.

Alikula sahani tatu. Katikati ya kula akawa anasimulia, jirani yangu akinitafsiria. Kisiwa chao, nacho cha Wafaransa, kiko baharini karibu na Kanada, kidogo hivi kwamba kila mtu anajua chupi ya nani imeanikwa. Theluji huanza Novemba na haina adabu, haiondoki mpaka Aprili. Mwezi wa sita ukungu hushuka, mtu haoni mkono wake mwenyewe, ndiyo maana nyumba hupakwa rangi za kupiga kelele. Kisha kiangazi kinakuja na sherehe zake: siku ya mabaharia watu hutupa maua baharini kuwakumbuka waliozama, na siku nyingine wanaume hushindana kunyanyua mawe na kupasua magogo huku wanawake wakiwacheka. Alisema Waswidi wakicheza kuzunguka mlingoti wao wa majani mwezi wa sita, yeye husimama pembeni akalia kidogo, kwa sababu ni sherehe lakini si yake. Aliposema hivyo nikamwongezea nyama bila kuombwa.

Ndipo akauliza nilikuwa nimemwitia nini. Nikamwambia yote, pamoja na kosa langu. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akauliza harusi ni lini.

Mchumba wangu aliposikia alicheka pia, nikamwambia anyamaze kama anataka mke. Jioni tatu mfululizo tulimfundisha yule bwana maneno yake: Nani? Mnataka nini? Bado. Na mwisho kabisa, Karibuni. Alikuwa akiyarudia kwenye treni, abiria wakimtazama.

Siku ya harusi theluji ilianguka tangu asubuhi. Mlango wa kile chumba ulifungukia uani moja kwa moja. Nilikaa nyuma ya pazia na jirani yangu, hina mikononi, nikichungulia. Upande wangu ulikuwa na kiti kimoja, na juu yake mtu mmoja mwenye ndevu nyekundu na kofia ya baba yangu. Nikasikia buti zinakanyaga theluji, kisha sauti za Watanga: "Hodi!"

Akaruka kitini akaufungua mlango wazi.

Hakuuliza nani. Hakuuliza lolote. Aliwavuta mmoja mmoja kwa mikono ya makoti, akawapangusa theluji mabegani. Watanga wakaangua kicheko. Nilihisi machozi ya hasira yananijia. Miaka yote nimengoja siku hiyo, na mimi nimetolewa kwa hodi moja, kama chumvi ya kuazima.

Yule bwana akafunga mlango, akasimama mbele ya pazia langu, akatanua mikono. Akasema maneno marefu kwa Kifaransa, na uso wake haukuwa na mzaha. Jirani yangu akatokeza kichwa kuyatafsiri.

"Anasema kwabo kila nyumba iko na kibanda mbele ya mulango, juu mugeni asipigwe na theluji. Mutu hangojeshwi kwa baridi. Mulango amefungua juu ya baridi tu. Bibi harusi hajamutoa bado. Mupige hodi tena."

Kicheko kikakatika. Mchumba wangu alisimama katikati ya chumba, maji yakimchuruzika kwenye buti, akatazamana na ile kofia ya baba yangu. Akavua kofia yake mwenyewe.

"Hodi," akasema, akiwa tayari ndani.

"Nani?" akauliza mtu wangu.

Nyuma ya pazia nikawa nalia na kucheka, na hina yote ikachafuka.