Mshono wa Shaba

Mtu asiyejua injini atamtambuaje fundi mwongo? Hilo ndilo swali lililonisumbua mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu katika gereji moja ya Lodwar. Digrii yangu ya falsafa ilikuwa ndani ya sanduku, nyumbani Nawoitorong, nje kidogo ya mji. Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza. Hakikunifundisha pampu ya maji inafananaje.

Lori lilikuwa la mama. Aliacha ualimu mapema, akachukua kiinua mgongo chake chote na kununua lori kuukuu la kubebea mahindi na maharagwe kutoka Lodwar hadi Kakuma. Wajomba zangu huko kwetu bara, mbali kusini mwa Turkana, walisema hatamaliza miaka miwili. Lori likifa, tungefunga virago turudi kwao, na kila harusi na kila matanga tungesikia habari za mwanamke aliyenunua lori. Mama hakulitamka hilo. Kila jioni aliniuliza neno moja tu: "Limepona?"

Halikuwa limepona. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ilikuwa na ufa ubavuni, na maji yalitoka hapo kila injini ilipopata moto.

"Madam, injini ni kama mwanadamu," mwenye gereji aliniambia. "Lazima ipumzike."

"Imepumzika wiki tatu. Mimi sijawahi kupewa likizo hiyo."

"Kesho asubuhi. Kabla hujanywa chai."

Nilikunywa chai nyingi katika kesho zake. Gereji nyingine, niliyoanza nayo kabla ya hii, ilikuwa imetuuzia pampu mpya. Nilipoikwaruza kwa ukucha, rangi ya fedha ilibanduka na kutu ikanichungulia. Kwa hiyo huyu wa pili aliponionyesha ufa uliozibwa, unang'aa, nilikwaruza tena. Rangi haikubanduka. Nikajiona mjanja, nikamlipa.

Tulikuwa tumefika kama nusu ya njia ya Kakuma. Kumbe ufa ulizibwa kwa gundi tu: ilitoka kipande kizima, na maji yakanywewa na mchanga kabla hatujashuka. Dereva wetu, Mturkana wa makamo mwenye mdomo, alichungulia chini, akanigeukia.

"Digrii, ulikwaruza?"

"Nilikwaruza."

"Basi siku nyingine tumia meno."

Lori jingine lilituvuta mpaka Kakuma. Huko dereva alimjua mkimbizi mmoja kutoka kusini mwa Sudan, fundi wa mashine za kusagia posho katika kambi ya wakimbizi. Alikuja na mfuko wa turubai begani, mrefu kiasi kwamba hakuhitaji kupanda bampa ili aone ndani. Alisalimia kwa Kiturkana, "Ejok," kisha akatazama injini kama mtu anayesoma barua.

Aliomba mafuta ya taa na kipande cha chaki. Akapaka mafuta ubavuni mwa bloku, akayafuta kwa kitambaa hadi chuma kikakauka, akasaga chaki na kupuliza unga wake pale. Tukangoja. Katika ule weupe ukaanza kutokea mstari mwembamba, wa rangi ya unyevu, ukijichora wenyewe. Ukapita mahali palipokuwa na gundi. Ukaendelea. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka kuusema. Kwa wiki zote zile watu walikuwa wameniambia kuhusu ufa ule. Ndiyo kwanza naambiwa na chuma chenyewe, kwamba ulikuwa mrefu mara mbili ya tulivyodhani.

"Basi lori limekufa," nikasema.

"Hapana, binti. Hii mimi nashona."

"Unashona chuma?"

"Nashona."

"Kwa nini usichomelee?"

"Moto ikiingia hapa, ufa inakimbia. Inakimbia kuliko mimi." Akacheka. "Na mimi nimekimbia sana."

Alitoboa kitundu kila mwisho wa ufa ili usisonge tena. Kisha, kwa keekee ya mkono, alitoboa shimo juu ya ufa, akalikata nyuzi za skrubu ndani, akakaza kijiti cha shaba alichokuwa amekichonga kutoka koki za maji zilizoharibika kambini, akakikata kichwa na kukigonga taratibu. Shimo la pili alilitoboa likila ukingo wa kijiti cha kwanza, ili kila kijiti kimshike mwenzake. La tatu likala la pili. Nilikaa pale siku nne, kwa sababu gereji zilikuwa zimenifundisha kutoondoka karibu na lori. Alifanya kazi asubuhi na alasiri. Adhuhuri, jua lilipokuwa halivumiliki, mimi na dereva tulilala chini ya trela bovu lililokuwa mbali kidogo.

"Na kama haitashika?" nilimuuliza fundi siku ya tatu.

"Utauliza tena kesho."

Siku ya nne alipiga tupa vichwa vya shaba hadi vikawa sawa na chuma. Tukajaza maji, dereva akawasha. Niliweka kadibodi kavu chini ya injini, nikalala kifudifudi mavumbini kuitazama. Sikumwamini. Injini ikapata moto, ikanguruma saa nzima, na kadibodi ikabaki kavu. Niliinuka nikauangalia ule mstari wa rangi ya dhahabu ubavuni, nikapitisha kidole juu yake, na sikusikia mahali kijiti kimoja kilipoishia na kingine kuanza.

"Sasa uliza," dereva alisema.

Nilikunja kadibodi, nikapanda. Jioni ya kesho yake tuliingia Lodwar, na mama alisikia ngurumo kabla hajatuona. Alikuwa amesimama barabarani, kanga mkononi.

Lori lile lilimfanyia kazi miaka mingine saba, kisha akaliuza kwa mfanyabiashara wa Kitale. Ni fundi wa huyo mfanyabiashara aliyeifungua injini yote na kuniita nione. Nyuma ya mfuniko wa pembeni, ambao sikuwahi kujua kwamba unafunguka, kwenye ukuta wa ndani unaotenga maji na oili, kulikuwa na mshono mwingine wa shaba, mrefu kuliko ule wa nje, bila shaka kazi ya adhuhuri zile tulizolala chini ya trela, ambao yule fundi wa Kakuma hakumtajia mtu.