Kiti cha Enzi na Radhi za Mama

Mie nna wivu. Nalisema mapema msije mkadhani nasimulia khabari za mtu mwingine. Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wa mama yetu, anakaa na mama huku Oman, mtaa wa Matrah, Maskati. Kila Ijumaa natoka kwangu Al Khoudh kwenda kula nao, nna sufuria langu la pweza wa nazi. Mama ananyanyua kifuniko, ananusa, anasema, "Mashallah. Lakini pweza aliyempika mwenzio juzi, we! Ungekuwepo." Miaka nenda miaka rudi. Na kumpika huyo pweza nlimfundisha mie!

Kazini, saa ya mapumziko, wenzangu wanatazama nguo na viatu kwenye simu zao. Mie natazama minada ya Ulaya inayouza vitu vya kale vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki: vinyago vya Kongo, ngao za Papua, vigoda vya kila namna. Sinunui. Natazama bei, nashangaa, nasonya. Kinyago ambacho bibi yangu angekitia jikoni kuchemshia maji, watu wanakigombania kwa bei ya nyumba.

Siku moja, katikati ya vinyago hivyo, nkakiona kiti cha enzi. Cha kwetu hasa, cha Unguja: mpingo mtupu, kimepambwa kwa vipande vya mfupa, mgongo na makalio yake kamba za kusukwa. Wenye mnada wameandika ni kiti cha chifu. Chifu gani tena? Kile ni kiti cha sebuleni, anakaa mgeni wa heshima, au bwana harusi siku yake.

Ijumaa nkamwonyesha mama. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Kama cha baba," akasema. "Kile tulichokiacha Unguja, tulipotoka na nguo tulizovaa. Ah, wanangu. Nngekiona kama hichi ndani ya nyumba kabla sijafa, nngekufa radhi."

Mdogo wangu alikuwa anamimina kahawa. Hakusema kitu. Na mie sikusema kitu.

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu jambo jema halisemwi kabla halijatimia, iwe safari, mimba, hata nyumba. Mtu anajenga, matofali yamejaa mlangoni, ukimuuliza atakwambia ya jirani. "Lishike kwanza, ndo ulisema," mama alikuwa akitwambia, kwa kuogopa jicho la hasidi, na hasidi hana sababu. Basi nkaondoka na siri yangu kifuani. Kiti ntakinunua mie. Mama ana dua zake, anamwekea mtu mkono kichwani na kummiminia radhi mpaka mtu analia. Mie nishazisikia mara nyingi, zikienda kwa mwenzangu. Safari hii nlizitaka zangu.

Siku ya mnada nkafunga mlango wa ofisi, nkajitia nna kikao. Dalali kwenye kompyuta alikuwa kijana nadhifu, tai ya buluu, nyundo mkononi. Vikapita vinyago, zikapita ngao, kikaja kiti. Nkabonyeza. Mtu akaongeza. Nkabonyeza tena. Wa mwanzo wawili watatu wakaachia, tukabaki mie na mmoja tu, naye pia wa kwenye mtandao, jina halionekani, unaona bei inapanda basi. Kila nkibonyeza, kabla sijavuta pumzi, yeye keshaongeza.

"Mtoto wa nani huyu?" nkasema peke yangu. "Jizee limejaza viti nyumba nzima, na hichi linakitaka! Achia, laana we!"

Hakuachia. Kikomo nlichojiwekea nkakipita mara mbili, nkakipita mara tatu. Benki zilikuwa zimebaki fedha nlizoziweka za kubomoa jiko langu nijenge jipya. Dalali akatazama kamera, akauliza kama bado nataka. Kidole kiko juu ya kitufe. Nkaliona lile jiko, na makabati yake meupe mpaka juu. Nkakitoa kidole. Nyundo ikagonga, nkajiambia si riziki, nkaenda kuswali adhuhuri.

Wiki kama sita zikapita. Mdogo wangu akanipigia simu: "Dada, Ijumaa njoo mapema." Sauti yake inacheka.

Nkafika, nkavua viatu, nkaingia sebuleni. Kiti kile kile! Nlikijua kwa ufa wake kwenye mkono wa kushoto.

Mama alikuwa amekaa chini, kwenye zulia, pembeni yake. Hataki kukikalia. Kwao, alisema, mtoto wa kike hakukikalia kiti cha baba, na mbele ya kiti kile yeye bado mtoto. Mkono mmoja unazipapasa zile kamba. Mkono wa pili uko kichwani mwa mdogo wangu.

"Radhi zangu zote juu yako," mama anasema, machozi yanamtiririka. "Mungu akupe usichokitaraji. Watoto wako wakufanyie kama ulivyonifanyia."

Zote! Kasema zote. Sasa mie kanibakishia nini?

"Mashallah," nkasema.

"Dada, wee wacha tu!" mdogo wangu akaanza, bila ya kuondoa kichwa chini ya ule mkono. "Nlikuwa nshakipata kwa bei nzuri, akazuka mtu, shetani gani sijui. Nkiongeza yumo! Nkiongeza yumo! Akiba yangu yote ikenda, na zilizopungua nkauza bangili zangu za harusi, zote sita. Aliyenipandishia bei, Mungu ampandishie sukari!"

"Amin," mama akaitikia.

Na sukari nnayo. Nameza vidonge asubuhi na jioni.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nlipouona ule mkono bado uko palepale kichwani, kijicho kikanipanda mpaka kooni, nkaropoka: "Ni mie."

Wakanitazama wote wawili.

"Ni mie huyo mtu. Nlikitaka kwa ajili yako, mama. Tena mie ndie nlokiona mwanzo!"

Msidhani nlikuwa natubu. Nlitaka fungu langu.

Mdogo wangu akaachama mdomo. Kisha akajipiga paja, akacheka mpaka akajifuta macho na mtandio. "Dada! Wewe? Yarabi! Si tungeambiana tu, tukanunua kwa robo ya bei!"

Mama hakucheka. "Mkashindana mpaka mwisho?" akaniuliza.

"Naam, mama."

"Kisha fedha zikakwisha, maskini."

Nngeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na nani angejua? Lakini yule ni mama yangu, na ananitazama machoni.

"Hazikuisha, mama. Nliona ghali, nkaachia."

"Ukaachia," mama akasema.

"Naam."

Akatikisa kichwa pole pole, bila ya hasira. Kisha akauondoa mkono wake kichwani mwa mdogo wangu. Mie huyu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nkapiga magoti haraka kwenye zulia, nkainamisha kichwa. Nkangoja.

Hakikuguswa. Nlipoinua macho, mama alikuwa ameushika mkono wa mdogo wangu, ule mtupu usio na bangili hata moja, anaubusu.