Kiroba cha Mkaa Nyuma ya Kiti

Naomba kuliweka jambo hili sawa, kwa kuwa mtaani limekwisha kusimuliwa visivyo. Mke wangu hakumwagia jiko petroli. Aliwasha mkaa kama anavyouwasha kila siku.

Gari letu hulala uani, nyumbani kwetu Tabora, upande wa Kwihara, karibu kabisa na kibanda anachopikia. Tangu nistaafu utumishi haliendi mbali: sokoni, kanisani na shambani Ntalikwa. Tenki hulijaza kila mara, maana kazini tulizoea kwamba gari halilazwi likiwa na mafuta nusu. Muda si mrefu baada ya fundi kubadilisha pampu ya petroli, nikaanza kusikia harufu kila nilipofungua mlango asubuhi. Ilikuwa kali, ya kuumiza kichwa.

Nikalirudisha kwa fundi. Alijilaza chini ya gari, akapapasa huku na huku, akaibuka na mkono mkavu.

"Mzee wangu, huku pakavu kabisa. Sasa gari la petroli linukie nini, marashi?"

Vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni wakaangua kicheko. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mke wangu anapika kwa mkaa jirani na gari hilo, na kwamba sikuja kutafuta mzaha. Akanishauri niweke mkaa ndani ya gari. Mkaa, alisema, huvuta harufu.

Nilinunua kiroba kimoja njiani nikitoka msibani Usoke, nikakiweka sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, mdomo wazi. Siku zilivyopita harufu ikapungua sana.

"Umeona, Baba?" mke wangu akanitania. "Pua nayo ilitaka kustaafu."

Nikacheka. Hakuna kilichokuwa kimetengenezwa, nami nikacheka.

Kisha alasiri moja mkaa wa ndani ulikwisha, naye akachota ule wa garini. Nilikuwa barazani na gazeti. Nilisikia mvumo mfupi, kama shuka zito linalokung'utwa, halafu sauti yake: "Baba! Moto!" Nilimkuta ameanguka kitako, khanga ameitupa kando, nyusi za upande mmoja hazipo, shavu limeiva. Jiko lilikuwa likitoa ndimi ndefu kuliko mkaa wowote niliowahi kuuona, na uani kote kulikuwa na harufu ileile. Nikalifukia kwa mchanga.

"Umeninunulia mkaa gani huu?" aliniuliza.

Nikampeleka hospitali.

Tuliporudi kutoka huko nilifungua milango yote ya gari, nikang'oa kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko kidogo cha bati, na chini ya hicho ndipo pampu inapoingilia kwenye tenki. Pale panapopaswa kukaa mpira wa kuzuia mafuta palipakwa gundi, nayo ilikuwa imelainika kama uji mzito. Kila tenki lilipojaa, petroli ilipenya hapo na kugeuka mvuke kabla ya kufika ardhini. Ndiyo maana mkono wa fundi ulitoka mkavu. Mvuke uliingia garini, na mkaa ukaunywa. Tulichokiogopa uani tulikuwa tumekihifadhi kwenye kiroba, tayari kwa jiko.

Nilimwita fundi, nikamwambia aje na mpira mpya. Aliingia getini akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Sikuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kuiacha shikamoo ya mtu hewani, lakini siku ile niliiacha, nikamwonyesha gundi yake.

"Mpira ulikuwa umekatika, mzee. Siku ile mjini haukupatikana. Nikaona gundi itatusogeza."

"Ikamsogeza nani?"

Mke wangu akatoka ndani, dawa imemtanda usoni. Fundi akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ningekuchemshia chai, ila jiko siliwezi tena. Nikishika kiberiti mkono unagoma."

Alikuwa hajaniambia hilo. Nilidhani anapumzika tu, na kwamba chakula kutoka kwa jirani kilikuwa huruma ya jirani.

Fundi alifungua boksi la spana akafunga mpira mpya aliokuja nao, nami nimesimama juu yake hadi mwisho. Alipoondoka nililisukuma gari hadi nje ya geti. Kisha nikaingia kibandani na mkaa mwingine, nikachuchumaa, nikawasha jiko mwenyewe. Mke wangu alisimama mbali, ameikumbatia ndoo ya mchanga, akiniangalia mikono.