Raba za Zamu

Juzi pale Dagoretti Corner niliona raba nyeupe zimeanikwa juani, nikanusa tena lile jasho la watu wawili ndani ya kiatu kimoja. Timu yetu ya basketiboli ilikuwa na raba chache, kwa hivyo mimi na rafiki yangu Achieng tulivaa jozi moja kwa zamu: aliyetolewa uwanjani alimvulia anayeingia. Mashindano ya kwanza tulifungwa mpaka tukalia. Ya tatu tulifika fainali, na Achieng ndiye aliyetufikisha.

Alasiri hiyo alikuja benchi kabla kocha hajamwita, akafungua kamba polepole.

"Vaa wewe," akaniambia. "Siku hizi zinanibana."

Nikaamini miguu yake imekua. Nilicheza hadi kipenga cha mwisho, tukashinda, wala sikugeuka kumtazama alivyoinama akitafuta pumzi. Kwamba moyo wake ulikuwa mgonjwa, niliambiwa siku ya mazishi yake.

Jioni ile ya fainali tulirudi nyumbani kwa miguu tukiimba, harufu ya mahindi choma kila kona. Yeye alibaki nyuma na ndara zake, akisimama kila baada ya hatua chache.

"Achi, wacha uvivu," nikamwambia, raba zikiwa bado miguuni mwangu.