Dawa ya Mume Mdogo

Fundi viatu alikuwa na mke mmoja, na mke huyo alikuwa na waume wawili. Wa kwanza ni yeye fundi. Wa pili alikaa sebuleni karibu na dirisha, ndani ya chungu cha plastiki, majani mapana kama masikio ya tembo. Marehemu mkewe alimwita Mume Mdogo.

"Huyu hakoromi," alikuwa akisema, "na nikimsema hanijibu."

Kujibu, hata fundi hakujibu. Ila kukoroma alikoroma, kesi ikamshinda.

Miaka ishirini na tatu fundi hakumgusa mwenzake wa chunguni. Mke alipofariki, wakabaki wanaume wawili wakitazamana, hakuna ajuaye kupika.

Lazima mmoja aanze. Fundi akaanza. Kila alipokunywa chai alimmiminia mwenzake kikombe cha maji, kile cha bati, cha kushika kwa mikono miwili. Asubuhi, mchana, jioni. Si adabu kunywa peke yako mbele ya mtu. Mwezi wa tatu tangu msiba, majani yakaanza kugeuka manjano. Fundi akaona ni kiu. Akaongeza.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke wa maneno mengi na hatua za haraka. Hata mkoba hajautua.

"Shemeji! Dada kakuachia ua, wewe umesikia 'ua', ukaanza kuua!"

"Mzima huyo. Kachoka tu."

"Kachoka! Huyu anataka kumfuata mkewe."

Neno hilo lilikuwa na mwiba. Kisha shemeji akageuza jani. Chini yake palikuwa na vidudu vyeupe, vimejikunja kama pamba.

"Mpake dawa. Kila jani, juu na chini. Nakupa wiki mbili. Nikimkuta hivi, namhamishia kwangu."

Huyoo, keshatoka.

Kuhamishwa! Fundi akakaa kitini. Nguo za marehemu zilikwishagawiwa. Upande wake wa kitanda umepoa. Huyu naye akitolewa, fundi akirudi jioni atakohoa mlangoni asikiwe na nani?

Basi dawa. Sasa, fundi huyu shule aliiona kwa nje tu, akipita. Tangu hajaota ndevu alikuwa kibarazani na viatu vya watu, na dawa ya kupaka aliijua moja tu. Hukaa kwenye kopo bapa la mviringo. Si kwamba alikuwa mjinga; alifikiri kwanza. Nyeusi, hapana. Ya kahawia, hapana. Akachagua ile isiyo na rangi. Akachukua brashi laini, akapaka juu na chini kama alivyoagizwa, akamalizia kwa kitambaa mpaka akauona uso wake kwenye jani. Mume Mdogo aling'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Sasa mvua na ije," fundi akamwambia.

Siku ya tatu majani yalining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Mawili yakaanguka.

Angeweza kunyamaza mpaka wiki mbili ziishe. Lakini mgonjwa hangoji aibu ya mwuguzi. Akavaa kofia, akaenda kwa shemeji yake.

"Dawa umempaka?" akaulizwa ngazini.

"Nimempaka. Mara mbili."

"Dawa gani?"

Akatoa kopo mfukoni.

Shemeji akalitazama kopo. Akamtazama fundi. Akakaa kwenye ngazi. Alicheka mpaka machozi, machozi yakawa ya kweli, halafu akacheka tena.

"Dawa ya viatu! Shemeji, kwani ulitaka atembee?"

Wakarudi pamoja. Wakamwosha Mume Mdogo jani kwa jani, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, na vidudu vikaenda na maji. Walipoinamisha chungu, yakamwagika maji yenye harufu ya mtaro. Chini hakikuwa na tundu hata moja.

"Ulikuwa unampa maji mara ngapi?"

"Kila tukinywa chai."

"Mkinywa na nani?"

Fundi akageukia zana zake. Alikuwa anatafuta kisu cha ngozi. Mizizi iliyooza aliikata kama anapunguza soli, akabakiza ile migumu, myeupe. Akachukua msharasi wake wa kutobolea viatu, akakitoboa chungu matundu saba, yamenyooka kwenye mstari. Wakatia udongo mpya, uliochanganywa na changarawe.

"Tia kidole kwanza," shemeji akamfundisha. "Udongo ukiwa mkavu, ndipo umpe maji. Nakuongezea mwezi. Asipotoa jani jipya, anahama."

Mwezi huo fundi alikalia mikono yake isije ikamimina. Chai aliinywa amempa mwenzake mgongo, kwa haya. Wiki ya nne, katikati ya mashina, kikachomoza kitu cha kijani, kimekunjwa kama barua.

Shemeji akaja, akainama. Akalishika jani kwa vidole viwili.

"Umeligandisha kwa gundi?"

"Vuta."

Akavuta. Shina zima likamfuata, jani halikubanduka.

"Taratibu basi," fundi akasema. "Mwenyewe bado mchanga."

Shemeji akajinyoosha, mkono kiunoni.

"Haya, abaki. Ila kila Jumamosi nakuja kumsalimia."

"Yeye au mimi?"

"Yeye. Wewe nitakukuta tu."