Fedha za kaburi la mke wangu nilinunulia mbwa

Admin, ficha jina langu, ila umri wangu uache watu wausome. Nina miaka themanini na moja. Ni mwalimu mkuu mstaafu, naishi Chemchem hapa Tabora, na daktari ameniambia moyo wangu umechoka, nisipange mambo ya mbali. Naandika kwa kidole kimoja, leo ni siku ya nne. Wengi wenu tungekutana njiani mngeniamkia shikamoo. Someni kwanza.

Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Tuliishi pamoja miaka arobaini na tisa. Kaburi lake lilibaki tuta la udongo na msalaba wa mbao, na watoto wetu wakaona aibu. Mwaka jana walichanga milioni moja na laki nne, wakanitumia mimi ili nitafute fundi alijengee na kuliwekea vigae. Binti yangu wa mwisho, nitamwita Neema, yuko Kaliua, anauza karanga na mchele karibu na stesheni. Mchango wake ulitoka kwenye fedha alizokuwa akidunduliza apige plasta nyumba yake. Hilo nililijua.

Wiki ileile niliona kwenye simu picha ya chiwawa, wale mbwa wadogo wanaoenea kwenye kapu. Nyumba yangu ilikuwa kimya mno. Nilikuwa nimefikia hatua ya kumjibu mtangazaji wa redio. Mtaniambia mbwa wa bure wamejaa mitaani. Kweli. Lakini mimi msomi nilitaka wa mbegu halisi, mwenye cheti. Muuzaji wa Arusha alinitumia cheti chenye mhuri, na mimi niliyekagua vyeti vya watu maisha yangu yote nikakisoma mara tatu kwa furaha. Laki saba, na nauli ya basi juu yake. Nikajiambia nitazirudisha kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni.

Sikujua kwamba kumnunua ndiyo gharama ndogo. Jojo, ndilo jina nililompa, hawezi ugali na dagaa. Alipokula aliharisha siku tatu, daktari wa mifugo akaja kumtundikia dripu. Chakula chake cha mfuko naagiza Mwanza. Mara chanjo, mara dawa ya kupe, mara jino limeoza ling'olewe. Ulipofika mwezi wa sita baridi ikamtetemesha, nikampeleka kwa rafiki yangu wa siku nyingi, fundi cherehani wa Mtendeni, amshonee kikoti cha blanketi.

"Mwalimu, huyu mbwa au panya wa Ulaya?" aliniuliza, amesimama mbali na futi yake mkononi.

"Pima, acha maneno."

"Mshike mwenyewe! Akinilamba, mimi nina kazi ya kuosha mara saba."

Tulicheka mpaka machozi. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nifiwe, na kikoti kile kililipwa kwa vigae vya mke wangu.

Watoto wakaanza kuuliza: "Baba, fundi amefikia wapi?" Nikasingizia mvua. Nikasingizia saruji kupanda bei. Kisha siku moja nikaenda makaburini. Kaburi lililo ubavuni kabisa mwa la mke wangu lilikuwa limekwisha kujengewa, vigae vyeupe, lakini halina jina, kwa sababu wenyewe wanamngoja ndugu yao aliye ng'ambo ndipo waweke bamba na kufanya ibada. Nikalipiga picha, nikaituma, nikasema bamba la jina litafuata. Mwanangu mkubwa, aliye Dar, akanipigia huku analia. "Asante, Baba. Umetutoa aibu."

Mwezi uliofuata Neema akaja kwa treni bila kuniarifu, akataka twende. Tuta la mama yake lilikuwa limedidimia kwa mvua, msalaba umeliwa na mchwa. Ungedhani ni nafasi tupu. Hapo ningeweza kusema. Mwanangu alikanyaga alipolala mama yake, akapita, akapiga magoti kwenye kaburi la mtu asiyemjua, akalifuta vumbi kwa kanga yake.

"Baba," akasema, "Mama kapata nyumba nzuri kuliko yangu."

Nikamjibu, "Mungu ni mwema."

Jibu hilo linanitesa kuliko fedha zote. Mbwa hana kosa. Hakuniomba nimnunue, wala hakunifundisha kudanganya.

Ningeweza kufa na siri hii, maana ndivyo nilivyokusudia. Lakini tangu wiki iliyopita Neema yuko hapa ananiuguza, na juzi nilimsikia barazani akizungumza na kaka yake kwa simu, wakidhani nimesinzia. "Kaka, siku Baba akituacha tumlaze pembeni ya Mama. Nafasi ipo upande wa kushoto, mimi mwenyewe nimeiona."

Upande wa kushoto ndipo alipo mama yao. Wakichimba kaburi langu watamfukua yeye.

Tangu hapo nataka kusema na mdomo hautii. Jana nilimwita Neema mara tano, na kila alipokuja nikamwomba maji. Nimekunywa maji mengi kuliko anavyoruhusu daktari. Sasa hivi yuko jikoni ananikorogea uji. Jojo anamfuata nyuma, naye anamwambia, "Mdogo wangu, nipishe nisikukanyage."

Nishaurini, wanangu. Nimwambie Neema peke yake, aliyenipa fedha za plasta yake, au nimwombe awaite wenzake niwaambie wote kwa pamoja? Nilifikiri pia kuandika barua waisome nikishafumba macho, maana woga wangu ungeipenda njia hiyo. Lakini barua ikichelewa kufunguliwa, jembe litakuwa limeshamfikia mama yao. Uji unakaribia kuiva. Akiingia na bakuli, nianze na neno gani?