Picha Niliyotaka Irudiwe

Kosa langu la kwanza kule Kigali, mwanangu, lilikuwa kumwambia mama mmoja arudie kumkumbatia mtoto wake. Siku hiyo naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka tisini na nne. Nilitoka Mwanza kwenda kujitolea Remera, mtaa wa Kigali, katika kituo cha watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa mauaji. Kazi yangu ilikuwa kugawa uji na kufua mablanketi. Kamera nilijibebea mwenyewe. Kupiga picha nilijifunza kwa kitabu kisicho na jalada, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, niliogopa sana kukosea. Wenzangu waliniita Bwana Rudia, maana hata mtu anayekunywa chai nilimwomba ainue kikombe upya.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja, Verediana. Kwa miezi alikuwa amezunguka kituo hadi kituo akimtafuta binti yake wa miaka mitano, Josiane. Mtoto alimwona kutoka kwenye benchi, akakimbia, wakakumbatiana mlangoni. Nikapiga. Mwanga ulikuwa nyuma yao. Nilijua nyuso zitatoka nyeusi.

"Samahani, mama, turudie," nikasema. "Mtoto akae tena pale kwenye benchi, wewe uingie upya."

Nakiri kwamba nilikuwa natabasamu. Verediana hakubisha. Alimkalisha mtoto, akatoka nje. Josiane alipoona mama yake anapotea mlangoni, alipiga yowe, akaanguka sakafuni, akajikojolea.

Mama Konsolata, mpishi wetu aliyekulia Bujumbura, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Weye kijana, iko nini hapa?"

"Picha tu, Mama. Ya kwanza ina giza."

"Giza! Huyu mtoto alishaachwa mara moja, weye unataka aachwe tena sababu ya giza?" Akamwita Verediana arudi ndani haraka. "Na weye, Bwana Rudia, weka hiyo kitu chini, lete maji."

Nilileta maji. Josiane alishika kitenge cha mama yake, hakukiachia hata alipokuwa anakula.

Kabla hawajaondoka nilimwomba Verediana radhi, nikamuuliza kwa nini alikubali.

"Nilifikiri nikikataa, hamtanipa mtoto."

Nikasema nitaiharibu filamu yote. Akakataa. "Ile ya kwanza nipe. Sina picha yake hata moja. Lakini iko yangu, si ya kuonyesha watu."

Wiki iliyofuata alikuja, nikampa picha pamoja na negativu yake, kile kipande cha filamu ilikotoka. Nyuso hazikuonekana, mikono tu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Sasa wewe, mwanangu, unaondoka kwenda kujitolea, na simu yako haiishiwi filamu. Mtu anayehitaji msaada wako anaweza kukubali picha kwa hofu tu ya kuukosa. Basi fanya kwanza kazi iliyokupeleka. Ukitaka kuuliza, uliza akiwa ameshapata haki yake, mahali ambapo anaweza kusema hapana na asipoteze kitu. Akisema hapana, usimbembeleze.

Mungu akutangulie, akupe mikono isiyochoka na macho yenye haya, akurudishe kwetu salama.

Mimi bado napiga picha. Nyingi zina giza, na naziacha hivyo. Tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote arudie.